Milango ya Shule Ilipofungwa, Uchaguzi Ulikuwa wa Nani?



Napenda kuitumia nafasi hii kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tumeanza kulisahau, nalo ni yale yaliyoipata elimu ya watoto wetu wakati wa maradhi ya korona. Huenda msomaji akauliza: Haya si yamekwisha? Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba ile hali ya dharura imeondoka, na watoto wamerudi darasani zamani. Ya nini kuyafukua?

Jawabu ni kuwa maradhi yalipungua lakini hesabu haikufungwa. Mtoto aliyekuwa akianza alifu na irabu mwaka 2020 leo ni mkubwa, na yale aliyoyakosa bado anayakosa. Tena maradhi mengine yanaweza kuja, kwani historia ya wanadamu haikosi tauni. Watu wenye akili hukaa wakajiuliza yaliyopita kabla ya yajayo kuwafikia.

Katika mabaraza yetu husikika neno moja mara kwa mara: "Kila mzazi na achague shule anayoitaka, hiyo ni haki yake." Neno hili ni la kweli, wala sina nia ya kulipinga. Mimi nauliza tu: Ile miezi ambayo milango yote ilifungwa, uchaguzi huo ulikuwa wa nani? Na ikiwa ulikuwa wa wachache, sisi tulio wengi tunapaswa kufanya nini?

YALIYOTOKEA

Tukumbushane kwa ufupi. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, za kutwa kuanzia kesho yake na za bweni katika siku chache zilizofuata. Mwezi wa Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mapema Mei, tukiwa katika funga ya Ramadhani, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa na ule wa Eastleigh kule Nairobi ikazuiwa peke yake, na amri hiyo ikadumu hadi mwezi wa Juni. Idi ya mwaka ule wengi tuliiswali majumbani.

Mwezi wa Julai marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na mitihani ya KCPE na KCSE haitafanywa mwaka huo. Mwezi huo huo nyumba za ibada zikaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 na zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Madrasa, pamoja na mafunzo ya Jumapili ya watoto wa Kikristo, zikaambiwa ziendelee kufungwa hadi amri nyengine. Tarehe 12 Oktoba wakarudi wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Wengine wote wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Ni zaidi ya miezi tisa.

JE, KUFUNGA KULIKUWA DHULMA?

Wako waliosema kwamba kufungwa kwa madrasa na misikiti kulikuwa hila dhidi ya dini yetu. Maneno haya hayasimami. Makanisa nayo yalifungwa. Saudi Arabia yenyewe ilisimamisha Umra, na Hija ya mwaka 2020 ikafanywa na watu wachache sana waliokuwa tayari ndani ya nchi ile, ilhali mwaka uliotangulia mahujaji walikaribia milioni 2 na nusu. Dini yetu ilikuwa na mafunzo ya karantini kabla ya neno hilo kuzaliwa. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia.

Kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) katika zama za tauni ya Amwas, karibu mwaka wa 18 Hijria, kinatufaa sana hapa. Alikuwa njiani kuelekea Sham, na alipofika Sargh akapewa habari ya maradhi. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakakubaliana kwamba watu warudi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyengine ya Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipokuja na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na uamuzi ule.

Tazama hapa mambo mawili. La kwanza, kujikinga si upungufu wa imani. La pili, ambalo hatulitaji sana, ni kuwa uamuzi ulipita katika mashauriano ya makundi tofauti, na kila kundi lilisikilizwa. Sisi mwaka 2020 tulilitimiza la kwanza, la pili likapungua mno. Waliotangaziwa kufungwa na kufunguliwa kwa madrasa walikuwa wengi, lakini ustadh wa mtaa anayejua watoto wangapi wanakaa chumba kimoja hakuulizwa.

MARADHI MAMOJA, MAAMUZI MATATU

Anayedhani palikuwa na njia moja tu na awatazame jirani zetu. Tanzania ilizifunga shule kuanzia katikati ya Machi 2020. Vyuo na kidato cha 6 vikafunguliwa tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni. Watoto wao walikaa nyumbani kiasi cha miezi mitatu na nusu. Uganda ilifunga Machi 2020, ikarudisha madarasa ya mitihani mwezi wa Oktoba na mengine kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa, na ulimwenguni kote ni vigumu kupata nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu zaidi. Kenya ilikuwa katikati ya hizo mbili.

Sisemi kwamba Tanzania ilipatia katika kila kitu. Tangu Mei 2020 takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa kule kwa zaidi ya mwaka, na mzazi asiyepewa habari hawezi kupima hatari. Wala sisemi kwamba Uganda haikuwa na sababu. Ilichelea uhai wa watu wake. Ninachosema ni kuwa maamuzi haya yalikuwa ya wanadamu, yalitofautiana, na kwa hivyo yanaweza kujadiliwa bila ya mtu kuitwa mkaidi au mpinga serikali.

Na rai yangu ni hii: Kufunga mwezi wa Machi kulikuwa sawa, kwani hakuna aliyeyajua maradhi yale. Lakini kuwaweka watoto wa miaka sita, saba na minane nyumbani hadi Januari, wakati masoko yako wazi na matatu zinabeba abiria, hakukuwa sawa. Ilikwisha kujulikana kwamba maradhi yanawaelemea zaidi wazee kuliko watoto. Waliorudishwa mwanzo walikuwa wenye mitihani, kwa sababu mitihani ina tarehe. Mtoto anayejifunza kusoma hana tarehe ya mtihani, akawekwa nyuma ya foleni, naye ndiye asiyeweza kujisomea peke yake!

Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto wa miaka kumi wasioweza kusoma na kufahamu habari nyepesi wamefika 70 katika kila 100, kutoka 57 kabla ya maradhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko katika msingi.

UCHAGUZI WA NANI?

Sasa turudi kwenye suala letu. Kabla ya 2020, mzazi wa mji huu alikuwa na njia kadhaa. Iko shule ya umma, ambayo Katiba ya 2010 imeipa kila mtoto haki ya kusoma bila malipo katika elimu ya msingi. Ziko shule za kibinafsi. Ziko shule za Kiislamu zinazochanganya mtaala wa serikali na masomo ya dini. Na iko madrasa ya jioni na ya Jumamosi kwa wale wanaosoma shule nyengine. Mzazi aliangalia mfuko wake, dini yake na umbali wa njia, akachagua.

Shule zilipofungwa, njia zote hizi ziligeuka mbili tu: ya mwenye mtandao na ya asiye nao. Kwa baadhi ya shule za kibinafsi masomo yaliendelea kwa kompyuta, mwalimu akionekana na kusikika. Kwa wengine serikali ilitoa vipindi kupitia redio, televisheni na mtandao, na waliovitayarisha wanastahiki shukrani. Lakini redio haimuoni mtoto aliyeshika kitabu juu chini. Na katika nyumba ambayo simu ni moja, ya mulika mwizi, nayo hutoka asubuhi na baba anapokwenda kutafuta kibarua, hayo masomo ya mtandaoni yalikuwa hadithi tu. Julai 2020 yalirushwa hata mabaluni ya kuleta intaneti kutoka angani. Yalihudumia sehemu za magharibi na kati ya nchi, wala hayakutufikia Pwani, na Januari 2021 kampuni yenyewe ikatangaza kuufunga mradi.

Mwenye uwezo zaidi alimwita mwalimu nyumbani. Mwenye uwezo wa wastani alinunua bando. Asiye na uwezo alimtazama mwanawe akienda pwani kuvua, akiosha tuktuk, au akikaa tu kibarazani siku nzima. Wako mabanati waliokwenda likizo ya Machi wakiwa wanafunzi na Januari wakawa mama wa watoto. Hebu tuseme kweli: mzazi wa mtoto huyu alichagua nini?

Kwa hivyo uchaguzi wa shule ni haki, lakini ni haki inayohitaji kitu cha kuchagua. Ukiwa na mlango mmoja tu na mlango huo ukafungwa, kukwambia "chagua" ni kukufanyia mzaha.

MZOZO WA KARO

Jambo la pili lililotugawa lilikuwa karo. Wazazi walisema: Tulipe nini, na mtoto yuko nyumbani? Wenye shule za kibinafsi wakasema: Walimu watakula nini, na kodi ya jengo italipwa na nani? Baadhi ya wazazi na shule walifikishana mahakamani. Shule nyengine, hasa zile ndogo za mitaani zenye karo nafuu, hazikufunguliwa tena, na watoto wao wakahamia shule za umma ambazo tayari zilikuwa zimejaa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Kila upande ulikuwa na hoja. Haikuwa haki kumdai mzazi aliyepoteza kazi ya hoteli karo kamili ya huduma ambayo haikutolewa. Wala haikuwa haki kwa mzazi ambaye mshahara wake haukukatwa hata senti moja kutolipa chochote, kisha Januari akataka kuikuta shule ipo na mwalimu yupo. Dini yetu inatufundisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Haijatufundisha kwamba aliye na wasaa ajifiche nyuma ya mwenye dhiki. Lililohitajika ni kikao cha uwazi: shule ifungue vitabu vyake vya hesabu, wazazi waseme hali zao, na kila mmoja alipe kwa kadiri yake.

NA USTADH JE?

Ndugu zangu, aliyeumia kimya kimya katika mzozo huu ni mwalimu wa madrasa. Mwezi wa Mei 2020 serikali ilitangaza mpango wa kufufua uchumi, na katika huo shilingi bilioni 6.5 zilitengewa elimu, ikiwemo kuajiri walimu 10,000. Hilo lilikuwa jema. Lakini ustadh hayumo katika orodha ya Tume ya Kuajiri Walimu. Mshahara wake ni ada ndogo ya wazazi pamoja na hisani za wahisani. Watoto walipokatazwa kuja, ada ikakatika, na hisani zikapungua kwa kuwa wahisani nao biashara zao zilikuwa zimelala. Wako maustadh waliouza mboga, na wako waliorudi makwao wasionekane tena.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazitaja madrasa na duksi kwa majina, na inazungumzia kuziunganisha na mfumo rasmi wa elimu. Basi madrasa zina mahali katika sheria ya nchi. Lakini katika janga tulitajwa kwenye orodha ya vinavyofungwa, hatukutajwa kwenye orodha ya vinavyosaidiwa. Wakubwa wetu waulizwe jambo hili kwa adabu na kwa hoja. Nasi tujiulize pia: walipokuwa wanaandika orodha hizo, tulikuwa tumemtuma nani akae katika meza ile?

Shule zilipofunguliwa, mihula ilifupishwa na likizo zikakatwa ili kuufidia wakati uliopotea, na kalenda haikurudi Januari mpaka mwaka 2023. Nafasi ya kuhifadhi na kudurusi ikabanwa. Mtoto aliyeacha Juzuu Amma katikati Machi 2020 alirudi akiwa na masomo ya kufukuzana, na wengi hawakurudi chuoni kabisa. Hii ni hasara ambayo haimo katika takwimu za wizara yoyote. Kuijua ni kazi yetu sisi wenyewe.

TUFANYE NINI?

Kulalamika peke yake hakufundishi mtoto kusoma. Napendekeza mambo manne, na yote yako katika uwezo wetu.

Kwanza, kila madrasa iwe na mfuko wa akiba ya walimu. Kila familia itoe kidogo kila mwezi wakati wa neema, ili siku ya dhiki ustadh apate angalau posho ya miezi mitatu. Hesabu zake zisomwe hadharani mbele ya wazazi, ili pasiwe na shaka.

Pili, tuwe na daftari la watoto wa mtaa, si wa madrasa yetu peke yao. Nani anasoma wapi, nani ana redio, nani hana simu, nani anaishi na bibi mzee anayehitaji kulindwa. Mwaka 2020 hatukuwa na daftari kama hilo, kwa hivyo hata aliyetaka kusaidia hakujua aanzie wapi.

Tatu, tukubaliane mapema kwamba ikibidi kufungwa tena, wadogo ndio wa mwanzo kurudi. Watoto watano barazani kwenye upepo, na mwalimu mmoja aliyevaa barakoa, kwa saa moja kwa siku. Mpango kama huu upelekwe kwa maafisa wa afya na elimu ukiwa umeandikwa na kutiwa saini, tusingoje amri ndipo tuanze kunung'unika.

Nne, na hili ndilo gumu, mzazi aliyempeleka mwanawe shule ya kibinafsi asiikate shule ya umma iliyo karibu naye. Atie neno lake katika mikutano yake, asaidie vitabu, agombee bodi yake akiweza. Atasema: "Mwanangu hasomi pale, inanihusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu siku shule yako itakaposhindwa kulipa kodi, pale ndipo utakapompeleka. Wengi waliliona hilo Januari 2021. Na inakuhusu kwa sababu mtoto wa jirani asiyejua kusoma atakuwa raia wa mji mmoja na mwanao, na watazikana.

KWENU WANAFUNZI

Nanyi vijana wetu, jarida hili ni lenu, msidhani maneno haya ni ya wakubwa tu. Katika miezi ile wako ndugu wakubwa waliowakusanya wadogo zao kila baada ya Alasiri wakawasomesha herufi, hesabu na sura fupi, kwa kipande cha chaki na ubavu wa mlango. Hawakulipwa wala hawakutangazwa redioni. Watoto waliosomeshwa hivyo walirudi darasani wakiwa bado wanajua kusoma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa hivyo aliyefika juzuu ya kumi amsikilize aliye katika ya kwanza, na anayejua kugawanya amfundishe asiyejua kujumlisha. Msingoje maradhi ndipo muanze; anzeni wiki hii.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, walimu wetu na ndugu zetu waliofariki kwa maradhi yale, atukinge na mfano wake, na atujaalie tuwe wenye kushauriana kabla ya kuamua na wenye kusaidiana baada ya kuamua. Mwenye rai nyengine aiandike ailete kwa wahariri wa jarida, ili mwakani tuendelee na mjadala huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.